Ngogo kwenye chungu cha mama

Voi, Jumatano, Septemba 1955

Vidole vyote vimechomwa na miiba ya samaki hawa, ngogo. Leo nimepata watatu tu, wadogo kuliko kiganja, kwenye dimbwi la mwisho chini ya daraja. Mto umekauka, na mke wangu Wakesho hajanyanyuka kitandani tangu mimba ilipoharibika. Dresa wa zahanati anasema nimpe supu ya samaki. Hana dawa nyingine.

Mama yangu aliposhuka kutoka Bura kuja kumuuguza, alikataa kabisa. Kwetu milimani samaki ni jamaa ya nyoka. "Kitu kina masharubu, tena kinalia ukikishika. Hakiingii kwenye chungu changu."

Wiki mbili nimepika nje kwenye kopo, nikimnung'unikia moyoni.

Leo jioni alinikuta nikiwasha moto. Aliwatoa ngogo kwenye ndoo, wakilia mkononi mwake, akawatia kwenye chungu chake mwenyewe.

Nilitamani sana afanye hivyo. Sasa natamani angeendelea kukataa. Mama ameuguza wengi, na anazijua dalili za mwisho.

Wakesho alikunywa vijiko viwili. Mama akaosha chungu taratibu, kisha akaniuliza kama nimewapelekea wakwe zangu habari.