Barua ya Baba na penseli yangu

Rafiki yangu Fancy, leo nimeaibika mpaka nimekosa pa kuangalia.

Unakumbuka madam wa English alisema tukisoma stori ya mtu tuandike maswali pembeni. Mimi nilifanyia mazoezi kwa karatasi ya Baba, nikairudisha mezani.

Nilidhani ni ya kujaribu tu, kumbe ndiyo barua yenyewe ya kumuomba Mama arudi nyumbani. Si unajua alienda kwa Mjomba Onyiego huko Londiani, kwa vile Baba aling'oa michai ya Mama bila kumuuliza.

Baba aliikunja bila kuangalia. Leo tulienda naye Londiani, Mjomba akawasomea wazee wa kusuluhisha hiyo barua, pamoja na maandishi yangu.

Baba: "Niling'oa kwa sababu ilikuwa imezeeka."
Mimi, pembeni: "Ushahidi uko wapi?"

Baba: "Tangu uende nimelia sana."
Mimi: "Msomaji haamini. Ulilia wapi, saa ngapi?"

Saa ngapi, Fancy. Mbele ya wazee.

Hakuna mtu alicheka. Mama akasema huyo wa penseli ameuliza vizuri. Eti yeye atarudi nyumbani, Baba akiandika upya na kujibu maswali yote.

Sasa mimi na Baba tumefika nyumbani. Baba ameketi mezani na miwani. Ameniuliza aanze na swali gani.