Mbuzi Tuliyemchinjia Roketi

Mpendwa kaka Ekai,

Ejok, salamu yetu ileile. Nakuandikia kutoka kambi ya wakimbizi ya Kakuma, ninakofundisha sasa, na sijui barua hii niitume wapi. Lakini uliniachia kazi moja asubuhi ile ulipoondoka, na huu ni mwaka wa tatu sijakupa majibu. Ulisema, "Kiru, sikiliza redio. Nikirudi uniambie kama wale watu wameshuka salama." Majibu ninayo tangu siku zilezile. Nimeyakalia kwa sababu nyuma yake kuna jambo nililolifanya mimi, na sijawahi kulitamka mbele ya mtu.

Wiki mbili zilizopita Deng aliniita nikipita mbele ya hoteli yake. Unamkumbuka Deng, yule Msudani mrefu mwenye jenereta na dishi, ambaye nusu ya kambi hutazama mpira kwake. "Mwalimu, kuja! Ile ndege ya kaka yako iko kwa tivi, inaenda saa hii." Tangu ulipopotea sikuwa nimetazama hata moja. Nilisimama mlangoni na madaftari ya wanafunzi kifuani.

Kabla sijakwambia nilichofanya, acha kwanza niikumbuke siku tuliyotazama pamoja. Ilikuwa siku nzuri, na sitaki majuto yaimeze yote.

Ulikuwa umesikia redioni kwamba chombo kitarushwa alasiri. Wewe uliishia darasa la nane ukarudi kuchunga, kwa sababu karo ilitosha mmoja na Baba akanichagua mimi. Lakini ulijua habari za roketi kuliko mwalimu wangu wa fizikia. Kifuniko cha sanduku lako la bati ulikibandika picha za magazeti kwa ndani, hadi Mama akawa anasema nguo zako zinalala na Wazungu. Tulidandia lori la mahindi ya msaada kutoka Lodwar, tukakaa juu ya magunia, na njia nzima ulinieleza jinsi matangi yanavyoachwa huko juu mafuta yakiisha. Nikakwambia huo ni ubadhirifu, sisi hata mtungi mtupu tunarudi nao nyumbani. Ulicheka nusura uanguke kwenye lori.

Kwa Deng kulikuwa na mpira. Ulimsihi mpaka akabadilisha, watu wakapiga kelele.

"Wewe Mturkana, hiyo kitu inaenda wapi?" mmoja akauliza.

"Juu."

"Juu kuna nini?"

"Si ndiyo wanaenda kuona."

Mwingine akasema huku nje watu wanapanga foleni ya unga, na hawa wanachoma pesa hewani. Hapo uliinuka, shuka begani, kama unataka kupigana. "Sisi tukiwa na njaa tunafanya nini? Si tunatuma mtu mbele aangalie nyasi? Ama tunangoja tushibe kwanza? Basi hao ndio wametumwa mbele." Deng akasema taratibu, "Haya, wacha tuone hao wachungaji."

Wakatoka saba, wamevaa nguo za rangi ya chungwa, wanapunga mikono. Uliwahesabu kwa vidole. Ukaniambia yule mwanamke wa mwisho anatembea kama shangazi akienda kudai mahari. Halafu ikaanza hesabu ya kurudi nyuma. Ulianza peke yako kwa Kiswahili, kumi, tisa, nane, na ilipofika tano hoteli nzima ilikuwa inahesabu, kila mtu kwa lugha yake, hata wale wa mpira. Moto ukatoka. Deng alikuwa ameshasogea hadi nje; alituambia baadaye kwamba kwao ndege ikinguruma hivyo mtu hulala chini. Wewe ulinishika mkono ukauminya mpaka ukauma, na machozi yalikuwa yanakutoka. Wewe, ambaye hukulia hata siku ya kung'olewa meno ya chini!

"Unalia?" nikakuuliza.

"Ni moshi."

Moshi wenyewe ulikuwa wa jiko la Deng, na jiko lilikuwa limezimwa.

Tuliporudi nyumbani ukamwendea Baba kuhusu mbuzi. Kwetu mtu hafungi safari kubwa kabla mbuzi hajachinjwa na matumbo yake kusomwa, na wewe uliona si haki wale saba wakae huko juu bila kusomewa. Baba alicheka. "Ni watu wa ukoo gani hao? Wanaenda mpaka mlangoni kwa Akuj, Mungu mwenyewe, bila kubisha hodi, halafu mbuzi nitoe mimi?" Ukamjibu, "Wanapita juu ya boma letu kila siku, Baba. Ni majirani." Ukatoa mbuzi wako mwenyewe, yule dume mwenye sikio jeupe.

Baba aliyatandaza matumbo juu ya majani, akayageuza taratibu, na kicheko kikamwisha. Akaonyesha mshipa mmoja kwa kijiti. "Hii ni njia ya mtu. Inaenda, inaenda, hapa inakatika." Akatazama tena. "Kuna mtu wa safari ambaye harudi."

Mama akauliza, "Safari ya nani?" Sote tulijua kwa nini anauliza. Ukame ulikuwa umetufika shingoni, na siku tatu baadaye wewe na jirani yetu Lomuria mlikuwa muende pande za Namoruputh, mpakani ambako wezi wa mifugo huvizia, kuangalia malisho.

Hapo ndipo nilipofungua mdomo wangu wa sekondari. "Ya wale wa roketi. Si mbuzi ni wao?" Baba hakuridhika. Alitaka kuchinja wa pili kesho yake au kesho kutwa, kwa ajili ya safari yenu, apate kulala. Nikasema, "Mbuzi wawili kwa wiki moja, na ukame huu? Mkiwamaliza kwa kuwasoma, hayo malisho mtamtafutia nani?" Watu wakacheka. Wewe pia ulicheka. Baba alinitazama, akawatazama mbuzi waliobaki, mbavu tupu, akafuta kisu. Alitaka kuuliza mara ya pili, Ekai, na mimi nikamzuia kwa mzaha.

Wewe hukujifikiria hata kidogo. Uliwaonea huruma wao. Siku mbili chakula kilikushinda. "Kiru, hao wana watoto," ukawa unasema. Asubuhi ya kuondoka ukaniachia redio na betri ulizozianika juani zipate nguvu, ukaniachia na ile kazi. Nilikutazama ukienda, ukiwa unamchokoza Lomuria kwa sababu ya punda wake, na sikuhisi chochote. Watu husema moyo huhisi, lakini wangu haukuhisi kitu.

Kisha Baba akaanza kuniuliza kila jioni, "Wale wameshuka?" Nilidhani amewapenda kama wewe. Ilinichukua siku nyingi kuelewa kwamba wale wakishuka salama, asiyerudi ni mwingine.

Siku ya kushuka kwao nilikuwa na redio sikioni. Jambo lenyewe ndilo hili, kaka. Niliomba waanguke. Mimi ninayeimba kanisani kila Jumapili nilimwomba Mungu watu saba wafe ili ile njia iliyokatika iwe yao. Wawili nilijua majina yao kwa kuwa wewe ulinifundisha, na niliwataja.

Mtangazaji akasema chombo kimetua salama, akaendelea na habari za bei ya kahawa. Nilimwambia Baba. Alichukua fimbo na kibuyu cha maji akashika njia ya Namoruputh, jua likiwa utosini. Siku ya pili alikutana na Lomuria, peke yake na punda. Lomuria alisema ulipanda kilima kuona kama upande wa pili kuna nyasi. Alisikia risasi. Alijificha mpaka jioni, akakuita, akakuita tena. Baba alikitafuta kilima kile na mabonde yake mpaka miguu ikavimba, na hakupata hata kandambili yako.

Baba hajawahi kunilaumu. Afadhali angenilaumu. Siku hizi mbuzi akichinjwa, matumbo anawatupia mbwa bila kuyatazama, na wageni wanashangaa. Mama analifuta vumbi sanduku lako lakini halifungui. Watu wa kanisa, nikiwaambia nusu ya habari hii, wananijibu kwamba matumbo ya mbuzi hayaui mtu. Najua. Risasi ndiyo huua. Lakini mbuzi wa pili angekuchelewesha siku moja, na labda siku moja ingetosha. Majuto ni mjukuu, nasi huyu tunalala naye.

Nakukasirikia pia, usidhani. Ungekuwa mtu wa kupenda mpira tu, yule mbuzi angekuwa wako tangu mwanzo, na hakuna ambaye angeuliza safari ni ya nani.

Basi wiki mbili zilizopita nilisimama mlangoni kwa Deng. Wakatoka wakipunga mikono. Nikawahesabu kwa vidole, kama wewe. Hesabu ya kurudi nyuma ilipoanza, vijana waliokuwa pale, ambao hawakujui, walihesabu kwa Kiswahili, na Deng akanionyesha kwa kidevu, kama kusema, unaona, hii ni ya yule ndugu yako. Moto ulipotoka alinitazama.

"Mwalimu, unalia?"

"Ni moshi, Deng."

Kila asubuhi baada ya hapo, kabla ya kengele ya shule, niliwaombea warudi. Kwa moyo wote, safari hii. Mwanafunzi wangu mmoja, msichana aliyekuja kambini kwa miguu na bibi yake, aliniuliza kwa nini watu waende huko mbali wakati hapa kuna taabu. Nilimwambia kuhusu mtu anayetumwa mbele kuangalia nyasi. Akauliza, "Na asiporudi?" Nikamwambia afungue kitabu.

Jana wameshuka. Nilifurahi, Ekai, hata nikajishangaa. Ndipo nilipochukua kalamu, maana niliona nikiweza kuwafurahia hawa, naweza kukupa na majibu ya wale.

Majibu yako ni haya. Walirudi. Wote saba, na yule anayetembea kama shangazi. Watoto wao waliwapata. Nilitaka wafe ili wewe uje, na Mungu hakunisikiliza, na sijui nimshukuru au nimlaumu.

Kazi yako nimeimaliza. Sasa na wewe njoo, hata kama ni kuja kunikasirikia.

Mdogo wako anayekungoja na redio,
Akiru