Kikombe cha Pili cha Maziwa

Barabara ya Kumi na Moja,
Ulyankulu, Kaliua,
Tabora.
16 Machi 2023

Mpendwa mdogo wangu Esperansi,

Amahoro, amani iwe kwako. Kabla sijasema lolote, nataka kujua goti lako la kulia linaendeleaje, na kama ile dawa ya kuchua niliyokutumia kabla ya Noeli ilikufikia. Shemeji bado anakohoa? Sisi huku tu wazima. Mvua imezidi, tumbaku ya majirani imeoza shambani, lakini mahindi yetu yamesimama vizuri. Macho yangu bado yanasoma mchana bila miwani, namshukuru Mungu.

Ningeweza kukupigia simu, ila simu ya nyumba hii ni ya Nestori, na mwanangu huyo hupenda kuweka sauti juu ili sote tusikie. Ninayotaka kukueleza si ya kusikiwa na wote. Habimana, kijana wa jirani, anavuka mpaka kuja huko kwenu Makamba harusini, nimemwomba akukabidhi barua hii mkononi.

Unamkumbuka yule mbuzi mwekundu uliyeniachia mwaka ule uliporudi nyumbani? Kitukuu wake alizaa mapacha Jumapili ya pili ya Kwaresima. Dume lilisimama lenyewe kabla halijakauka. Kile kijike kilikuwa kidogo kuliko paka, kimelegea, hakina nguvu ya kunyonya, na mama yake akakisukuma kando. Nilitia kidole mdomoni mwake: baridi. Wewe unajua maana yake.

Nilivua kanga yangu ya juu nikaisogeza jikoni ipate joto. Niliporudi, Maua alikuwa amekwisha kukichukua. Maua ni mke wa Nestori, Mnyamwezi wa Itetemia, hujamwona ila kwenye picha. Ana mikono myepesi, sikatai. Alikisugua kwa gunia, akakilaza juu ya chupa za maji ya moto hadi mdomo ukapata uvuguvugu, kisha akakamua dang'a, yale maziwa mazito ya kwanza, akayatia kwenye chupa ya soda yenye chuchu ya mpira aliyoinunua dukani kwa Parvin, mjini Tabora. Mimi nikasimama na kanga yangu mkononi kama mtu aliyefika msibani watu wameshatoka makaburini.

"Mayu, kaa upumzike," aliniambia. Mayu ni mama, kwa lugha yao. Alisema kwa upole, na upole huo ndio ulioniuma.

Wewe umeujua wivu wangu tangu baba alipokupa wewe ndama uchunge, mimi akanipa kuku, kwa hiyo sina cha kukuficha. Kwa miaka zaidi ya thelathini, mtu wa makazi haya ambaye mbuzi wake alizaa kitoto dhaifu alikuja kwangu. Asubuhi nilifundisha watu wazima kusoma, mchana nilizunguka maboma yao na kibuyu changu cha maziwa. Tulivuka mpaka hatuna hata sufuria. Jina la kuokoa vitoto vya mbuzi nililipata kwa mikono yangu. Sasa sikia. Siku ya tatu Bernardo, jirani yetu wa tangu enzi za mahema, aliingia uani nikiwa nimeketi kwenye kigoda.

"Shikamoo, mama Nestori."

"Marahaba. Mbona mbio?"

"Mbuzi wangu anamkataa mwanawe. Maua yupo?"

"Na mimi nipo."

"Aa, wewe mama umefanya kazi ya kutosha. Pumzika!" Akanipita.

Kesho yake nilianza. Maua alikilisha kitoto tangu alfajiri, maziwa ya kujaza kikombe kimoja kidogo cha kahawa, mara tano kwa siku, bila kuzidisha. Alipokwenda shambani, mimi nilichukua maziwa yaliyobaki, nikajaza kikombe kikubwa cha chai cha Nestori, nikakinywesha kwa vidole kama mama alivyotufundisha. Kilikunywa chote. Siku ya pili kilisimama mbele yangu, kikanifuata hadi kwenye banda la kuku kikilia. Nilifurahi kama msichana. Nikakiambia, "Unanijua mimi, siyo yule." Ndiyo, nilimwambia mbuzi maneno hayo, mimi mwenye miaka sabini na mbili na kabati la vitabu.

Siku iliyofuata tumbo lilikuwa limevimba, kinaharisha maji ya manjano, kichwa chini. Maua alijilaumu yeye. Alisema chuchu haikuoshwa vizuri, akaichemsha mara tatu. Kisha akasema labda kiwele cha mama kina ugonjwa, akakikanda, akakamua chini, akaonja. Nilimwona akijifuta macho kwa mkono wenye maziwa. Mimi nilikuwa nachambua maharage.

Jioni akasema, "Kinakonda, mayu. Nitaongeza maziwa."

Nilijua akiongeza kitakufa. Nilijua pia kikifa, yeye ndiye atakayeitwa aliyekiua, na Bernardo atarudi kwangu. Usinihukumu haraka: nilichambua maharage mengine mawili matatu kabla sijafungua mdomo.

"Usiongeze," nikasema. "Kimekuwa kikila mara mbili. Ukitoka, mimi nakilisha."

Aliniangalia. Nilingoja aseme neno ambalo ningeweza kulikasirikia. Akauliza, "Kikombe kipi? Cha kahawa?"

"Cha Nestori."

"Eh! Cha Nestori chote?" Akanyanyuka. "Basi maziwa tuyasimamishe. Nichemshie maji, mayu, mimi nilete sukari na chumvi."

Tulikinywesha maji hayo kidogo kidogo siku nzima iliyofuata, kisha maziwa nusu na maji nusu. Leo kimesimama, na haja yake imekuwa ngumu. Bado chembamba, lakini kinapiga teke. Asubuhi anakilisha Maua, jioni nakilisha mimi. Anayepima ni yeye.

Jana Bernardo alikuja tena, akauliza kitoto kilipatwa na nini. Nilikuwepo, sikuwa na pa kujificha. Maua akajibu bila kuacha kufagia, "Tulikosea kipimo, mimi na mayu." Bernardo akacheka, "Hata nyinyi mabingwa!" Yakaishia hapo.

Mimi kwa umri wake ningeyatangaza hadi Urambo. Mikono yake niliionea wivu. Sasa naona wivu hata kwa wema wake, na wema huo siwezi kuuiga kwa siri yeye akiwa shambani.

Msalimie shemeji, na mwanao Nsengiyumva na watoto wake wote. Nestori anakusalimu. Maua pia, ameniuliza ninamwandikia nani kurasa nyingi hivi. Mungu awafunike kwa mkono wake, nanyi mkae kwa amani katika ardhi ya wazee wetu.

Ni mimi dada yako, nikupendaye bila kupungua,

Godeliva