Pikapu Yako Yataka Watu Wawili

Baba,

"Gari lile lilimjua mwenyewe, na limekufa naye." Ndivyo alivyosema Abdalla, mwanao, barazani mbele za watu, na watu wakaitikia kwa vichwa. Uongo! Gari halimjui mtu. Pikapu yako ina fimbo ya chuma itokayo kwenye pedeli ya mafuta hadi kwenye kabureta, nati mbili na springi moja. Fimbo ikiwa ndefu, injini haipati nguvu. Ikiwa fupi, injini hunguruma hata ukiinua mguu. Hapo roho ya marehemu imeingilia wapi?

Lakini hukunilea nishinde kwa uongo. Mimi ndiye niliyeiharibu.

Wiki ya tatu tangu tukuzike, jirani yetu Bi Rukia alikuwa na hitma ya mumewe, kwa wakwe zake Tononoka. Nani huku Kibokoni aliyewahi kupelekewa sufuria za pilau na gari jingine? Arusi na matanga, miaka yote ni wewe. Nikasema desturi hii haitakatika mikononi mwangu. Pikapu ilikuwa ikikohoa, haina nguvu, nikajua ni fimbo. Nikafungua boneti peke yangu.

Wajua tulivyokuwa tukifanya. Mmoja huketi kwenye kiti cha dereva, akakanyaga kwa mguu mtupu. Mwingine huinama injinini kuona kama kabureta imefunguka yote. Tangu usichana wangu mimi ndiye niliyekuwa mguu wako. "Kanyaga. Achia. Kanyaga kama mtu, si kama bibi arusi!" Nikianza kubishana, ulikuwa ukinijibu: "Mdomo unao, mwanangu, mguu huna." Mama akituuliza kama twalitengeneza gari au twalichekesha.

Safari hii hapakuwa na mguu. Niliweka tofali juu ya pedeli. Tofali, Baba! Halikuisukuma pedeli hadi chini, nami sikujua. Nikaona kabureta haijafunguka, nikaifupisha fimbo, nikaifupisha tena. Injini ikanguruma, nikadhani nguvu zimerudi. Nilipofika Tononoka nikainua mguu, gari halikupungua mwendo. Nikazima ufunguo nimekwisha kupanda ukingo wa barabara, nikagonga ukuta. Sufuria mbili zikapinduka. Pilau ya hitma ikamwagika mchangani, na mbuzi wakafika kabla sijapata maneno ya kuomba radhi. Bi Rukia akainama kuokota nyama mchangani. Afadhali angenitukana.

Basi Abdalla amepata hoja yake. Mnunuzi wa vyuma vikuukuu anakuja Jumamosi. Nilileta fundi kutoka Mwembe Tayari, Abdalla akamfukuza: "Gari la mirathi haliguswi na mgeni." Haliguswi na mgeni wa kulitengeneza, lakini mgeni wa kulikatakata anakaribishwa! Nimemwomba yeye mwenyewe aketi tu, akanyage, niipime fimbo upya. Hataki. Salma, dada yangu, naye hataki. Asema akiufungua mlango ule hukutana na harufu yako, akaufunga tena. Mama angeketi, wallahi angeketi, lakini yumo edani, hatoki. Hunitazama kutoka dirisha la ghorofani.

Leo asubuhi nimeketi mimi. Nikakanyaga, nikaruka, nikakimbia mbele kutazama, na pedeli imekwisha kurudi. Mara saba, Baba, kama mwendawazimu, mpaka wapita njia wakasimama. Kwa kalamu yangu nimegombana na wakubwa wa mji huu magazetini, na wengine nimewashinda. Nyumbani kwetu sipati mtu mmoja wa kuketi kitini. Nimelia juu ya injini yako. Nimechoka. Sijui nimwombe nani tena, ndiyo maana nakuandikia wewe usiyeweza kuja.

Pumzika, Baba. Mola akupanulie kaburi lako. Nakuahidi hili: maadamu mikono yangu yashika spana, sitakuwa mimi wa kumfungulia mnunuzi mlango wa kuichukua pikapu yako.

Barua hii naiacha wazi mezani kwa Mama, najua nani watakaoisoma. Abdalla, Salma: kesho ni Ijumaa. Baada ya swala mmoja wenu aje, avue viatu, aketi. Dakika kumi zatosha. Na asiyekuja asijifiche nyuma ya roho ya marehemu. Apande juu, asimame mbele ya Mama, amwambie kwa kinywa chake kwamba kiti cha Baba amekiogopa.