Mvua ya Alhamisi

Ndama, Karagwe
Jumamosi, 6 Septemba

Kaka Projestus,

Shikamoo. Simu yako haipatikani, ndiyo maana nampa kondakta wa basi barua hii.

Sisi tupo. Redio imesema mvua za vuli zitaanza huku Kagera Alhamisi ijayo, zinyeshe siku nne mfululizo. Niliposikia nikamkumbuka mama akitukimbiza shambani na maharage kwenye kanga yake, wewe unachimba, mimi nafukia kwa miguu, tunarudi tumelowa, tunacheka, na ndizi ziko jikoni bado za moto.

Baba naye alisikia. Akachambua mbegu mchana kutwa, kisha akaniuliza, "Mama yenu yuko wapi, aje tupande?"

Nikamwambia, "Baba, mama tulimzika mwaka juzi."

Alilia kama ndiyo kwanza anaambiwa. Kesho yake akauliza tena. Safari hii nikasema, "Ameenda Isingiro kwa dada yake." Akatulia, akala vizuri. Tangu hapo namjibu hivyo kila siku, na sijui kama natenda dhambi.

Jana akakuulizia na wewe. "Na Projestus?"

Nikasema, "Anakuja Alhamisi kupanda."

Leo ameamka mapema, amechonga mpini mpya na kuutia kwenye jembe lako.

Kaka, la mama sina uwezo nalo. La kwako lifanye liwe kweli.

Mdogo wako anayekutazamia,
Kampire