Hali Haikuonekana

Jumatatu, 4 Machi

Simu kumi na tisa leo. Sikio la kushoto linauma, la kulia limekufa ganzi. Nikifika nyumbani mtu asinisemeshe. Nimewaambia watoto hivyo, wakacheka, wakanisemesha.

Simu sita ni za gari jipya, lile tulilolizindua miezi minane iliyopita kwa maputo na keki. Aliyefungua siku ni mwalimu mmoja wa hesabu, mstaafu, anaongea taratibu kama anaandika ubaoni. Alikuwa kwenye mzunguko wa barabara karibu na kwake, gari likazima lenyewe katikati, usukani ukawa mzito hata mikono miwili haikutosha. Nikamuuliza kilichomsumbua zaidi ni kipi. Usukani, akasema. Nikaandika 14.

Ndiyo kazi yangu. Mteja anasema, mimi natafuta namba. 14 usukani mzito, 22 breki ngumu, 31 injini kuzima njiani. Namba moja kwa kila simu, kompyuta haikubali mbili. Halafu gari linaletwa, linalala kwenye yadi yetu, asubuhi mafundi wanalipima. Wasipoona kitu, mimi ndiye ninayepiga muhuri: HALI HAIKUONEKANA. Nimeupiga huo muhuri mpaka mpini wake umechubuka.

Jumanne, 5 Machi

Jicho la Mama limepata siku ya daktari. Ijumaa ya tarehe 15, saa nne asubuhi, hospitali ya macho kule bondeni. Dada ndiye atakayempeleka, na Bibi Harusi wake.

Bibi Harusi ndilo jina alilolipa gari. Jeupe, na kila anayepita lazima aligeukie. Ni lile lile jipya letu. Mimi ndiye niliyemwambia anunue. Chukua hili, nikasema, halitakuangusha, mimi niko ndani najua. Dada yangu ni mkunga, ametembea kwa miguu miaka ishirini kwenda kuzalisha watu. Siku alipopewa funguo alilia.

Sina la kuongeza. Miguu imevimba.

Alhamisi, 7 Machi

Kikao tena! Meneja kasema kuanzia leo hakuna kutamka "tatizo". Tunasema "hali". Mteja akisema gari lina tatizo, sisi tunasema pole kwa hali hiyo. Redio — mwenzangu wa meza ya pili, mdomo wake haupoi — akauliza kama yeye akichelewa kazini ana hali. Meneja hakucheka. Akaongeza kwamba habari za wateja zisitoke nje, hata kwa ndugu, na atakayezitoa ajitafutie kazi nyingine. Nilihisi ananitazama mimi. Labda siyo. Mtu akichoka anaona macho kila mahali.

Baada ya kikao akapiga mama wa mapacha. Alikuwa anakata kona kuingia shuleni, gari likanyamaza, akakanyaga breki, breki ikagoma kama anakanyaga ukuta. Walikuja kusimama kwenye geti. Kwenye geti la shule! Mapacha wakadhani ni mchezo, wakaomba arudie. Yeye alitaka kujua kitu kimoja tu, kama kuna wengine. Karatasi ya maelekezo inasema jibu ni hili: kila hali hushughulikiwa kipekee. Nikamsomea. Akanishukuru, maskini.

Niliandika 22.

Ijumaa, 8 Machi

Simu ishirini na tatu. Sitaki kuandika.

Jumapili, 10 Machi

Nimeshinda kwa Dada. Nilimkuta anaosha gari kwa kitambaa laini, analizunguka kama anamwogesha mtoto mchanga. Nailoni za kwenye viti hajatoa. Nikamtania kwamba anangoja wajukuu wazitoe. Akasema hao wajukuu wenyewe watavua viatu kwanza.

Akanizungusha mtaani kidogo. Nilikaa nyuma, mahali atakapokaa Mama. Nikawa nasikiliza injini badala ya kumsikiliza yeye. Yeye anasimulia, mimi nasema "ehe", "ehe". Halafu kwa kupitia tu akasema juzi lilimzimikia kwenye kona ya soko, likawa zito, akaliwasha likaendelea. "Nadhani nilikanyaga vibaya," akasema, akacheka. "Miguu yangu imezoea ndala, haijazoea mambo haya."

Mdomo ulifunguka. Namwapia Mungu ulifunguka. Nikamwambia alilete kesho sevisi, tuliangalie tu. Hilo ndilo lililotoka.

Jumanne, 12 Machi

Gari la Dada limelala yadini tangu jana. Leo asubuhi Fundi Kimya kalipima. Tunamwita hivyo kwa sababu kwa siku anatumia maneno kumi, na manane ni salamu. Kalizungusha yadini mara tatu, karudisha fomu. Hakuona kitu.

Nikapiga muhuri kwenye fomu ya dada yangu mwenyewe. Jina lake kamili pale juu, nami nikapiga.

Saa sita nilimkuta Fundi Kimya bombani ananawa mikono. Nikamwuliza, kati yako na mimi, hili gari vipi? Akanawa kidole kimoja kimoja mpaka nikadhani hakusikia.

"Mama, sisi tunayapima asubuhi, yakiwa baridi," akasema. "Hili linazima likishapata moto. Ukiwa unakwenda polepole, unakata kona."

Nikamwuliza kwa nini haandiki hayo. Akasema fomu inamuuliza ameona nini, haimuulizi anajua nini. Akajifuta, akaenda zake. Sijawahi kumsikia akisema mengi kiasi kile.

Dada kaja saa tisa kuchukua gari. Kaniletea ndizi. Kauliza, liko salama? Nikamwonyesha fomu.

Jumatano, 13 Machi

Leo Mwalimu kaja mwenyewe, na daftari la mistari. Wenye magari wameanzisha kundi la simu, wako thelathini na mmoja. Kila mmoja kaandikwa: tarehe, mahali, alikuwa anafanya nini. Kwa wino wa bluu, na mstari kapiga kwa rula. Nilitamani kulia kwa ule usafi.

Akaniuliza nyinyi mnaandikaje. Sikutakiwa kumwambia. Nikamwambia. Akanisikiliza, kisha akaweka kalamu mezani.

"Binti yangu," akasema, "gari likizima, usukani unakuwa mzito na breki inakuwa ngumu. Hayo si mambo matatu. Ni jambo moja, ila kila mtu anaanza kulisimulia pale lilipomshtua."

Alipoondoka nikafungua kompyuta nikahesabu siku thelathini. 14: tisa. 22: nane. 31: saba.

Namba moja ikifika kumi ndani ya siku thelathini, kompyuta yenyewe inatuma taarifa kiwandani. Hapo hakuna cha meneja wala cha nani. Kiwanda lazima kiwaambie wenye magari wote wayaegeshe mpaka yakaguliwe. Tuna ishirini na nne. Hatujafika kumi!

Na aliyezigawa ni mimi. Zamani ilikuwa namba moja tu, "gari kusumbua likiwa barabarani". Nikaona ni uchafu, kila kitu kimetupwa kapu moja. Nikakaa wiki mbili natengeneza orodha, kila neno la mteja na namba yake. Nikapewa cheti cha mfanyakazi bora. Kiko sebuleni, juu ya televisheni, na fremu yake ya dhahabu ya uongo. Nakiona kutoka hapa nilipokaa.

Alhamisi, 14 Machi

Nimekwenda kwa Meneja na hesabu yangu kwenye karatasi. Ishirini na nne, jambo moja. Akaisoma mpaka mwisho, hilo simnyimi. Halafu akafunga mlango.

Akasema kwa upole kabisa kwamba orodha niliileta mwenyewe, na saini ni yangu. Tukiibadilisha leo kiwandani watauliza habari za miaka miwili yote. Tungoje mwezi uishe, tukae, tuangalie. Akasema anaona nimechoka, nichukue siku mbili nipumzike. Kweli nimechoka. Hicho ndicho kilichoniuma, kwamba alisema kweli.

Jioni nikampigia Dada. Nikamwambia kesho wachukue teksi.

Akauliza teksi ya nini, wakati gari liko mlangoni na fomu ya kampuni imeandikwa halina kitu. Nikasema basi tu, bondeni ni mbali. Akasema, "Mdogo wangu, kama una neno, liseme." Nikafikiria kazi, ada za shule, saini yangu, ule muhuri. Nikasema sina neno. Akasema basi niache Mama apande gari la mwanawe, amelingoja maisha yake yote.

Nikasema sawa. Ila uende polepole.

Polepole! Nimeshakata simu ndipo limenipiga kichwani. Ndipo linapozima, likiwa polepole! Nikapiga tena, haipokelewi. Yuko zamu, simu iko kabatini. Hospitali yake ni nusu saa kwa miguu. Nimevaa viatu. Nimekaa kitandani na viatu vyangu. Nimesema nitampigia alfajiri.

Ijumaa, 15 Machi

Saa mbili kasorobo, ofisini. Nilipiga saa kumi na moja na nusu, haipatikani. Saa kumi na mbili, inaita tu. Kumbe katoka zamu moja kwa moja kwenda kumchukua Mama. Akiwa anaendesha simu anaiweka kwenye mkoba, nyuma. Nilimfundisha mimi. Mama hana simu. Nimetuma meseji nne.

Saa mbili na robo. Redio hajafika. Meneja hajafika. Nimefungua orodha. Ya kwanza ni ya Mwalimu: nimefuta 14, nimeweka 31. Mama wa mapacha: nimefuta 22, nimeweka 31. Nikaendelea moja moja, na kila moja nakumbuka sauti yake. 31 ya kumi ilipoingia kompyuta ikalia mlio ambao sijawahi kuusikia, na kidirisha kikatokea: taarifa imetumwa. Rahisi hivyo. Nimeendelea mpaka ishirini na nne.

Saa tatu. Redio kaja, kaona kioo cha kompyuta yangu. Kaniletea chai, kaiweka, kakaa.

Saa tatu na dakika kumi. Simu. Si yangu ya mkononi, ya mezani, ile ya wateja. Namba ni ya Dada.

Naandika nyuma ya fomu huku simu iko sikioni, vinginevyo nitapiga kelele. Kwanza hakunijua, nilipokea kwa ile sauti ya kazini. Kasoma namba ya gari kwenye kadi tuliyombandikia kiooni, tarakimu moja moja. Kasema gari limezima kwenye mteremko wa machimbo, kona ya pili, alikuwa anakwenda polepole. Alikanyaga breki kwa miguu yote miwili. Limeegemea ukingo wa udongo, upande wa ndani, bahati. Mama yuko nyuma, hajaumia. Malori ya mawe yanapita karibu sana.

Nikasema, "Dada, ni mimi."

Akasema, "Oh. Ni wewe." Basi. Halafu: "Nimeliwasha, limewaka vizuri tu. Mama anasema tutamkosa daktari. Niendelee?"

Karatasi ya maelekezo iko mbele yangu, mstari wa tatu: mteja aliwashe tena na aendelee hadi gereji iliyo karibu. Meneja ameingia. Amesimama nyuma ya kiti changu, nasikia pumzi zake, bado hajaona kompyuta. Anaweka kidole kwenye mstari wa tatu. Na kule nasikia injini, tamu, haina hata mkwaruzo.

Nimemwambia azime. Nimemwambia amshushe Mama, wapande juu ya ukingo, wakae mbali na barabara. Nimemwambia yote. Ishirini na nne, na muhuri, na kwamba Jumapili nilijua, na jana nilijua. Meneja ameondoa kidole. Anasoma kioo.

Injini imezimwa. Simu bado iko hewani. Nasikia lori, limepita. Mlango unafunguliwa, nailoni ya kiti inachakarisha. Fomu iko wazi mbele yangu, 31 nimeshaandika, jina la mteja bado.

Nasikia Mama anamuuliza Dada kama wamefika.