Simu Iliyoita Bwenini

Jumatatu, 10 Agosti
Masasi. Nimetuma habari mbili kwa faksi. Ya kwanza, salfa ya kupulizia mikorosho imechelewa. Ya pili, agizo la serikali: mwanafunzi atakayekutwa na simu shuleni atafukuzwa. Nimemnukuu mkuu wa sekondari moja ya bweni kule Newala, nikaliunga mkono agizo. Sikuandika kwamba Somoe, binti wa dada yangu, yuko kidato cha nne shuleni hapo, na simu aliyo nayo nilimnunulia mimi. Hunipigia Jumapili. Tangu mke wangu afariki, wengine wote wanaonipigia wanataka habari.

Jumanne, 11 Agosti
Upepo, vumbi. Kutwa sikuzungumza na mtu ila muuza chai. Saa kumi nimempigia Somoe. Nilijiambia nataka kumwonya airudishe nyumbani. Si kweli. Nilitaka sauti.

Amepokea mwanamke mzima. "Wewe nani?" Nikakata. Simu yangu ikaita mara mbili, namba ile ile. Sikupokea.

Alhamisi, 13 Agosti
Shemeji, baba yake Somoe, amepiga kutoka Chilangala kwa simu ya mwenye duka. Matroni alisikia mlio ndani ya tranka. Somoe hataki kusema nani alimpa simu, kwa hiyo wameamua ni mwanamume. Asiposema kufikia kesho, anafukuzwa. Mtihani wa taifa ni Oktoba.

Shemeji aliitwa shuleni. Akamweleza mkuu kwamba yeye amezaa tu, wa kuulizwa ni mjomba. Mkuu, mama mmoja mkali, si mtu wa huku, hajui kwamba kwetu mtoto ni wa mjomba. "Mjomba wa nini? Mimi nimeita mzazi!" Shemeji alisimulia akicheka, kisha akaacha kucheka, akaniambia:

"Shemeji, mwanao huyo. Nenda."

Hajui kuwa ni mimi. Sikumwambia. Naona aibu.

Ijumaa, 14 Agosti
Newala. Ukungu mpaka saa nne. Nimekaa kwenye benchi la wazazi, mkuu akaniita ofisini.

"Ooh, mwandishi! Umekuja kutuandika tena?"

Nimesema nimekuja kama mjomba. Simu nilinunua mimi. Aliyepiga ni mimi. Mkuu akacheka. Kisha akalivuta gazeti, akaweka kidole juu ya jina langu.

"Yaani uliandika haya, halafu kesho yake ukapiga?"

Ndiyo.

Uamuzi wake: Somoe hafukuzwi. Anatoka bwenini leo, atarudi kufanya mtihani tu. Nami niandike gazetini simu ilitoka kwa nani. Nimekubali.

Jumamosi, 15 Agosti
Nimetuma. Aya nne, jina langu katika ya kwanza. Mhariri amepiga: "Mzee, umechoka kazi?" Nimemwambia atafute kosa. Hajaliona. Ataichapa.

Jumapili, 16 Agosti
Chilangala. Dada anamenya mihogo. Hajanisemesha, ila ameniwekea chakula. Somoe anasoma barazani.

"Shikamoo, mjomba."

Marahaba. Basi.

Baada ya kula nimemuuliza kwa nini hakunitaja. Hakuinua macho.

"Walikupigia mbele yangu, mjomba. Hukupokea. Nikajua hutaki kujulikana."

Nimekaa pale pale mpaka akamaliza ukurasa. Kisha akanipa daftari la Baiolojia, nimuulize maswali. Nimemuuliza mpaka jua likatua. Amekosa mawili.